Tangi Hupimwa Likiwa na Maji

Haya alinisimulia Sindano mwenyewe, juma lile alipokuja kunipunguzia gauni kiunoni. Alikuwa amepiga magoti na pini mdomoni, anazungumza kwa upande mmoja wa midomo, na mumewe amekaa mlangoni akimsubiri. Mumewe hakukanusha hata neno moja, isipokuwa idadi ya mafundo. Yeye anasema yalikuwa thelathini na nane.

Sindano ni fundi cherehani. Wateja ndio waliompa jina hilo, na si kwa ajili ya kazi yake tu. Akikwambia neno, linaingia huku na kutokea kule. Mumewe wanamwita Kamba. Ameendesha malori miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna kitu alichoshindwa kukifunga: magunia, makabati, milango, ng'ombe. Nyumbani kwao mpini wa ndoo ni kamba, redio imefungwa kamba, na miwani yake ina kamba nayo. Kitu kikilegea, Kamba hakitengenezi. Anakifunga.

Basi alipostaafu akanunua nyumba ya magurudumu, ile inayofungwa nyuma ya gari ukavuta ukaenda nayo. Kuukuu, lakini ndani ina kitanda, jiko, kibafu na choo. Na chini, tumboni mwake, yananing'inia matangi matatu ya plastiki: la maji safi, la maji ya sabuni yanayotoka bafuni na jikoni, na la choo. Matangi hayo hayajakaa juu ya kitu. Yameshikwa na mikanda ya chuma inayopita chini yake na kufungwa kwa bolti kwenye chasisi, huku na huku, kama mtoto kwenye mbeleko. Mbeleko ikilegea, unajua mwenyewe.

Mwaka wa jana ililegea. Walipita juu ya tuta mbele ya lango la shule, saa ile ile watoto wanatoka, tangi la maji ya sabuni likachomoka upande mmoja na kuburuzwa barabarani hatua mia nzima likipiga kelele kama debe mkiani mwa mbwa. Watoto waliwakimbilia nyuma wakishangilia. Sindano alijifunika mtandio uso mzima, akashuka nao hivyo hivyo. Kamba akaingia chini na kamba zake na vipande vya mpira wa tairi, akafunga, akafunga tena juu yake, akatoka akipangusa mikono. "Limetengemaa," akasema. Na tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa.

Sasa mwaka huu binti yao wa mwisho akapata ujauzito, na daktari akampangia upasuaji Alhamisi asubuhi. Mumewe yuko kazini mbali, hakupewa ruhusa. Binti mwenyewe anakaa chumba kimoja ghorofa ya tatu, bafu la watu wote, na maji yenyewe yanakatika atakavyo mwenye bomba. Mtu aliyeshonwa tumbo hapandi ngazi zile. Wakakubaliana kwamba wazazi waje na nyumba yao ya magurudumu, waiegeshe uwanjani hospitalini, mlinzi kaahidi nafasi, na mtoto wa watu apumzike humo mpaka apate nguvu. Kwenye simu binti alimwambia mama yake: "Mama, nisipokuona kabla hawajanichukua, mimi siendi nao. Wanibebe wakipenda." Neno hilo Sindano alitembea nalo kifuani kama pini iliyosahauliwa kwenye nguo.

Safari ilikuwa Jumatano alfajiri. Jumanne, chai haijapoa, akamuuliza mumewe:

"Baba watoto, matangi umeyatazama?"

"Nimeyatazama."

"Lini?"

"Nilipoyafunga."

"Hiyo si mwaka jana!"

"Na tangu hapo yamekwenda wapi? Si yapo?"

Sindano akashusha kikombe polepole ili asikivunje. Kamba kuona hivyo akatoka, akalala chali chini ya nyumba ile na kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Sikia hilo! Gumu kama kichwa cha mkwe."

"Ni tupu, baba watoto. Tupu halimlemei mtu. Nguo ikiwa kwenye hanga, kila mtu inamkaa. Mvalishe mwenyewe ndipo uone panapopasuka."

"Mimi na mizigo tunajuana."

"Mzigo wako wewe ulikuwa juu ya lori. Huu uko chini."

"Kamba haijui juu wala chini, mama watoto."

Huyo ni mumewe. Kuzungumza naye juu ya kufunga vitu ni kumpigia mbuzi gitaa. Sindano akamwandikia kwenye karatasi: mikanda miwili ya chuma, bolti nane na nati zake. Akampa, akamwambia asome kwa sauti, akasoma, akaenda.

Alipotokomea tu, Sindano akachukua tepu yake ya kupimia nguo, akainama, akapima kutoka sakafu ya saruji mpaka chini ya tangi la maji ya sabuni. Sentimita arobaini na mbili. Kisha akaingiza mpira wa maji bafuni, akafungua bomba, maji yakateremka mle ndani mpaka yakaanza kurudi juu. Akapima tena. Ishirini na tisa. Vile vipande vya mpira alivyofunga Kamba vilikuwa vimevutika kama soksi ya kurithi, na tangi limejaa, tumbo linaelekea chini. Na hapo nyumba imesimama, haijagusa tuta hata moja.

Kamba alirudi baada ya saa mbili. Mkononi ana furushi la kamba mpya ya nailoni, ya kijani.

"Bolti ziko wapi?"

"Zipo pale dukani, nimeziona. Lakini hebu tazama kamba hii. Shika. Shika tu."

Hakushika. Alimvuta mkono mpaka kwenye trela, akamwinamisha, akampimia mbele ya macho yake. "Arobaini na mbili ilipokuwa tupu. Sasa soma mwenyewe."

Kamba akavaa miwani. Akasoma. Akaisoma tena upande wa pili wa tepu.

"Labda sakafu imevimba," akasema.

Hapo ndipo Sindano alipompigia simu mdogo wake.

Mdogo wake huyo ni mchomeleaji, ana karakana ya mageti mtaa wa tatu. Alikuja na mkokoteni wake, mashine, jeki mbili, mbao, na kisanduku cha bolti za kila saizi, maana anamjua shemeji yake. Akatandika boksi lililofunguliwa, akajisukuma chini kwa mgongo. Akagusa fundo, akagusa jingine.

"Dada," sauti ikatoka chini, "hili ni tangi au ni kiota cha ndege?"

"Uliza mwenye nacho."

"Shemeji, ulikuwa unafunga tangi au unamfunga shetani asitoroke?"

"Cheka, shemeji, cheka. Mwaka mzima limekaa."

"Limekaa kwa sababu limepotea njia ya kutokea." Mkono ukatokea chini ukipapasa. "Nipe kisu."

"Weka kisu!" Kamba alipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. "Kamba haikatwi. Kamba inafunguliwa."

"Shemeji, saa nne hii. Mafundo haya..."

"Nimeyafunga mimi, nitayafungua mimi. Toka huko."

Sindano wakati huo alikuwa amesimama na mkasi mfukoni mwa aproni, ule mkubwa wa kukatia suti. Ulikuwa unamwita. Alimtazama mumewe akijiviringisha kwenda chini, mzee wa miaka sitini na saba, magoti yakilia, akakumbuka kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kumwona akikata kamba. Kwa dereva wa zamani kukata kamba ni kama fundi kupasua kitambaa kwa meno. Hilo aliweza kulielewa. Lakini kuelewa hakupunguzi hasira, kunaikalisha tu mahali pabaya zaidi. Akafungua koki, akayamwaga yale maji ya kupimia, akaketi kwenye ndoo, akahesabu.

Fundo la kwanza. Fundo la tano. Kila moja Kamba analisimulia: hili nilijifunza kwa utingo mmoja, hili halifunguki kwa mvua, hili ukilivuta huku linakaza kule. Fundo la kumi na tisa lilichukua nusu saa. Mchomeleaji alisinzia kwenye mkokoteni. Saa saba kasoro fundo la arobaini na moja likaachia, na Kamba akatoka na vumbi mpaka ndani ya masikio, kamba zote zimekunjwa vizuri begani, hakuna iliyopungua hata shubiri.

"Hazina hata mkwaruzo," akasema kwa furaha.

"Hongera," akasema Sindano. "Mtoto wetu atazipakata."

Mchomeleaji akarudi chini. Alisugua kwa brashi ya waya, kutu ikamwagika kama pumba. Mkanda mmoja wa chuma ulikuwa umekatika, wa pili umebaki wembamba wa jani, na kile kishikio cha chasisi kinachopokea bolti kilikuwa na ufa wa kuingiza ukucha.

"Dada, hapa hapakuwa na kitu. Kilichoshika tangi hili ni mazoea."

Kwa kuwa yuko kule, akalitikisa la maji safi, akalikuta imara, akataka atazame na la choo. Akaweka ubao, akaweka jeki chini yake, akapampu. Jeki ikaguna.

"Shemeji, humu ndani mna watu."

"Ni tupu hilo," akasema Kamba. "Taa inaonyesha tupu."

Sindano akageuka. Ukutani karibu na sinki kuna vitaa vinne vya kuonyesha tangi limefika wapi. "Taa hiyo inaonyesha tupu tangu siku tuliponunua!"

"Si ndiyo maana nikasema. Haijawahi kubadili kauli."

"Baba watoto. Safari ya mwaka jana tulipotoka kule, tangi la choo ulilimwaga au hukulimwaga?"

Kamba akatazama kamba zake. "Taa ilionyesha tupu," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Mchomeleaji alikuwa ametoka chini kwa kasi ambayo hana hata siku za malipo. "Mimi siwashi moto hapa. Kwanza plastiki, pili mwaka mzima wa... Limwageni huko kwenye shimo lenu, msuuze mara mbili, kisha mniite. Nipo kule mwisho wa uchochoro."

Nisiwasimulie sana saa ile. Bomba nene kutoka tangini mpaka shimo la choo cha nyumba, koki ikafunguliwa, na madirisha ya majirani yakafungwa moja baada ya jingine, pa, pa, pa, kama watu wanaopiga makofi. Sindano alijifunga mtandio ule ule wa mwaka jana. Alikuwa haongei tena. Kamba alikuwa akimwogopa zaidi akiwa haongei, akasuuza mara tatu bila kuambiwa.

Saa tisa ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Wakayateremsha matangi mawili kwa jeki na mbao, wakayaweka mbali. Mchomeleaji akakata kishikio kibovu, akachomelea kipya, akatazama na vingine, akaongeza viwili. Akakata vyuma bapa, akavikunja viwe mikanda. Matangi yakapandishwa. Alikuwa ameshika spana tayari kukaza, Sindano akapitisha kidole kwenye ukingo wa mkanda.

"Ngoja. Kina makali hiki."

"Ni chuma, dada. Ulitaka kiwe hariri?"

"Gari likitikisika kitalisugua tangi. Kitakula plastiki kidogo kidogo mpaka kitoboe. Hakuna kinachovaliwa bila bitana."

Wakatazamana. Kitu cha kuweka katikati hakikuwepo. Ndipo Kamba, ambaye kwa muda mrefu alikuwa amekaa ukutani akizipanga kamba zake, akanyanyua kitu. Vipande vyake vya mpira wa tairi. Upana ule ule wa mkanda, kana kwamba vilikatwa kwa kazi hiyo.

"Je, huu?" akauliza.

Sindano akaushika, akauvuta, akauweka juu ya chuma. Ulikaa. Alitamani usikae, siku ile alitamani sana, lakini ulikaa.

"Uvishe," akasema.

Kamba akavisha mikanda yote minne, akikunja ncha ndani ili isitoke, na hapo, ukweli usemwe, hakuna mtu mtaa ule ambaye angeifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Shemeji yake akakaza bolti, nati juu ya nati. Sindano akajaza tangi la maji ya sabuni mpaka mdomoni, akajaza na lile jingine, akapima. Arobaini na mbili imekuwa arobaini na moja na nusu. Akasubiri, akapima tena. Arobaini na moja na nusu. Wakayamwaga yote, maana kusafiri na matangi yaliyojaa ni kutafuta maneno.

"Mama watoto," akasema Kamba, ameshika ile ya kijani. "Moja tu. Ya moyo wangu."

"Mafundo mangapi?"

"Mawili."

"Moja."

Akafunga moja.

Wakaondoka alfajiri. Ungedhani yamekwisha. Lakini walipofika kwenye tuta la shule na kulivuka, Sindano akasema, "Simama." Akashuka na tepu, akainama, akapima. Arobaini na mbili. Akapanda. Kwenye reli akasema simama. Baada ya daraja, simama. Penye mashimo, simama. Mara ya tano Kamba akazima gari kabisa.

"Mke wangu, si wewe uliyeniambia tupu halimlemei mtu? Sasa unapima nini?"

Alijua kupima tangi tupu hakumwonyeshi kitu. Alijikasirikia mwenyewe akiwa amepiga magoti kwenye vumbi la watu wengine, lakini kila gari lilipotikisika, lile neno la binti yake lilimchoma, naye mkono ukaenda kwenye mlango.

"Anatakiwa wodini saa kumi na mbili jioni," akasema Kamba. "Ukipima mara moja zaidi, tutamkuta mjukuu anaenda shule." Akanyoosha mkono. "Lete tepu."

"Ya nini?"

"Lete."

Akaitwaa, akaikunja, akachukua kipande cha kamba mfukoni na kuifunga fundo juu ya fundo, haraka mno hata huoni vidole, mpaka ikawa kama yai. Akamrudishia. "Ukiitaka, utaifungua."

"Wewe mwanaume!"

"Mimi."

Akawasha gari. Sindano akafura. Mkasi ulikuwa kwenye mkoba, miguuni pake. Aliutazama mkoba, akatazama lile yai la kamba mapajani, akasonya, akaanza kufungua kwa kucha. Gari lilitikisika, yeye yuko kwenye fundo. Walivuka matuta sijui mangapi, yeye anauma ncha ya kamba. Mumewe alisema mara moja tu, bila kugeuza kichwa, "Hilo usilivute, lisukume," naye akamwambia anyamaze aendeshe. Akalisukuma. Likaachia.

Fundo la mwisho lilifunguka wakati mlinzi anafungua lango la hospitali. Ilikuwa saa tisa na robo. Binti yao alikuwa amekaa juu ya begi lake kwenye kivuli cha ukuta, ameshika mgongo kwa mikono miwili, macho mekundu.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, mwanangu. Usiniulize nimefikaje."

"Maji yamekatika kwetu tangu juzi, mama. Muuguzi kaniambia nije nimeoga, na mimi nanuka kama..." Akaanza kulia kabla hajasema kama nini.

"Ingia ndani."

Mlinzi aliwapa bomba, wakajaza tangi la maji safi. Binti akaingia bafuni. Maji yakaanza kumwagika juu, na chini yakaanza kuingia kwenye tangi kwa mlio wa kitu kinachojaa. Kamba alikuwa ameshatandika lile boksi la shemeji yake, kalala chali, sikio juu. Sindano akapiga magoti upande wa pili na tepu yake iliyokunjamana.

"Ngapi?"

"Arobaini na mbili. Subiri."

Maji yakaendelea. Yakaendelea sana.

"Na sasa?"

"Arobaini na moja na nusu."

"Na sasa?"

"Hiyo hiyo, baba watoto. Hiyo hiyo."

"Mama!" binti akaita kutoka ndani. "Nisiyamalize?"

"Oga," akasema Sindano. "Oga mpaka uchoke."

Alipotoka, ngozi inang'aa, mama yake akamfuta mgongo, akamvika gauni pana alilomshonea kwa kazi hii, lenye vifungo mbele tangu juu mpaka chini. Likamkaa. Ilibaki saa mbili nzima kabla ya wodi. Binti akajilaza kwenye kitanda akielekea ukutani, na kabla mama hajamaliza kumfunika miguu alikuwa ameshalala.

Sindano akachungulia nje kumwambia mumewe aje anywe chai. Kamba hakuitika. Alikuwa amelala pale pale chini, kinywa wazi, mkono mmoja juu, kidole kimeshika ile kamba ya kijani.

Akamwacha. Akatega simu imwamshe saa kumi na moja na nusu, akaiweka karibu na sikio, akajibanza ukingoni mwa kitanda nyuma ya binti yake, sehemu ndogo iliyobaki. Jua lilikuwa bado limejaa dirishani. Kwa muda alisikiliza kama kuna tone linalodondoka chini. Halikuwepo. Akaizungusha tepu kiganjani, mara moja, mara mbili, na kwenye ya tatu usingizi ukamchukua.